MUUGUZI AFUNDISHWE HABARI ZA KUTOA FIGO

Nataka kusema kidogo juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia redioni tu, nalo ni kumpandikizia mgonjwa figo ya mtu mwingine. Wenzangu wa darasa la Baiolojia wataniambia kwamba hiyo ni kazi ya madaktari wapasuaji. Kisu ni chao, sikatai. Lakini kabla ya kisu kuna maneno, na maneno ni kazi ya muuguzi.

Figo ya kwanza iliyopandikizwa ikamfaa mgonjwa kwa miaka ilikuwa mjini Boston, Marekani, Desemba 1954, pacha alipompa pacha mwenzake. Wagonjwa wetu wa Tanzania walipelekwa India mpaka Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoianza kazi hiyo. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Mtu wa Iringa hufika Dodoma kwa basi kupitia Mtera akalala huko siku ile ile. Wa Mbeya safari yake ni ndefu zaidi. Basi haya si mambo ya Ulaya tena.

Ila figo haichumwi mtini. Hapa kwetu hutolewa na ndugu aliye hai, kwa hiari, wala haiuzwi. Na ndugu huyo hayuko Dodoma. Yuko Rungwe analima viazi, au yuko Kilolo. Mtu wa kwanza atakayemwuliza ni muuguzi aliye karibu naye.

Katika ukoo wetu shangazi aliugua figo, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma, kila mara muda wa saa nne. Baba mdogo alikuwa tayari kumpa figo yake. Akamwuliza muuguzi wa hospitali moja, ambayo sitaitaja, "Dada, nikitoa nitaweza kushika jembe tena?" Akajibiwa, "Baba, hayo mwulize daktari." Daktari hakuwapo siku ile. Akarudi nyumbani, na huko akakuta majibu tele: kwamba mwenye figo moja hazai, hawezi kazi, hufa mapema. Bibi akalia, shauri likaishia hapo. Simlaumu dada yule; hakuna aliyemfundisha.

Jibu lenyewe si refu. Mtu mzima mwenye afya aweza kuishi kwa figo moja, kwani ile inayobaki hukua kidogo ikafanya kazi zaidi. Kwanza hupimwa sana, na mwenye kasoro hukataliwa. Akiisha kupona jeraha, baada ya majuma kadhaa, hurudi kazini polepole, na jembe atalishika. Wanawake waliotoa figo wamezaa, ila huangaliwa zaidi wakati wa mimba. Hata hivyo muuguzi asifiche upande wa pili: kila upasuaji una hatari yake, mtoaji yafaa apimwe mkojo na shinikizo la damu kila mwaka, naye mpokeaji atameza dawa kila siku, la sivyo mwili utaikataa figo ile ngeni. Mtu akiambiwa yote hayo akasema hapana, asionewe.

Wengine watacheka nikitaja mumiani, lakini sisi wa Nyanda za Juu tusicheke. Watu wa Mbeya hawajasahau habari za wachuna ngozi. Penye kumbukumbu kama hizo, mgeni akija na kipaza sauti kuhubiri habari za viungo vya watu atafukuzwa. Dada aliyewazalisha wake zao atasikilizwa.

Nashauri Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya na ile ya Mkoa wa Iringa zipeleke wauguzi wawili wawili Dodoma kwa majuma machache, wakae wodini na watoaji, waone jeraha linavyopona na maswali yanavyojibiwa. Wakirudi wawafundishe wenzao, wauguzi wa zahanati, na wanafunzi wa vyuo kama Tosamaganga. Najua wauguzi ni wachache, na atakayeondoka ataacha pengo wodini. Hilo lanitia wasiwasi kuliko nauli.

Wakati huo huo, Mkuu wa Shule akiruhusu, tumwalike muuguzi mmoja siku ya wazazi muhula ujao. Baba mdogo ameahidi kuja, na swali lake ni lile lile.