Tusilete bahari chumbani, tulete ziwa

Katika mabweni yetu kumeingia shauku mpya. Wenzetu kadhaa wanataka kufuga samaki wa bahari. Wameona picha kwenye simu, wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na sasa wanauliza bei ya kioo kwa mafundi wa madirisha. Wengine wanawacheka, wakisema mtu anayekula mara moja kwa siku hana haki ya kulisha samaki. Mimi siko upande wa wanaocheka. Lakini siko pia upande wa wanaotaka bahari, na nitaeleza kwa nini, maana jambo hili linaigusa fakulte ya lugha kuliko linavyoonekana.

Tuanze na hesabu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Tangi la lita 100 linataka kilo tatu na nusu siku ya kwanza, tena si chumvi ya jikoni, kwa sababu bahari ina magnesiamu, kalisi na vitu vingine vingi ambavyo chumvi ya kupikia haina. Kila baada ya wiki mbili utatoa lita 10 au 20 na kutengeneza mapya. Kwa kuwa maji hupanda hewani na chumvi hubaki, kila siku utaongeza maji safi yasiyo na chumvi ili ukali usizidi. Ni kweli nchi yetu ina pwani, kipande kidogo kule Moanda, lakini kutoka Lubumbashi hadi Moanda ni kuvuka Kongo yote. Halafu samaki wenyewe: wengi wanaouzwa kwa ajili ya matangi ya bahari wanavuliwa kwenye miamba yao, hawazalishwi na wafugaji. Kuna mmoja wa visiwa vya Banggai, Indonesia, ambaye tangu 2007 amehesabiwa kati ya viumbe walio hatarini kutoweka, na biashara ya matangi ni sababu kubwa.

Sasa umeme. Watu hudhani pampu ndiyo inayosafisha maji. Wanaosafisha hasa ni bakteria wanaokaa ndani ya chujio. Uchafu wa samaki unatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wa pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia. Bakteria hao wanachukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi watoshe, na katika muda huo tangi linakaa bila samaki, mwenyewe akitazama maji matupu. (Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu uvumilivu hauuzwi sokoni.) Nao wanahitaji hewa. Delestaji ikianza jioni na umeme kurudi asubuhi, chujio limekaa kimya usiku kucha, bakteria na samaki wamegombania hewa ile ile. Tangi la bahari lililojaa samaki na matumbawe halina nafasi ya kusamehe usiku wa namna hiyo.

Wakati huohuo, upande wa mashariki wa nchi yetu liko ziwa ambalo wafugaji wa samaki wa Ulaya, Marekani na Japani wanalijua kuliko wengi wetu. Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni Baikal tu inayolizidi duniani. Maji yake ni magumu, na pH yake inakaribia 9, juu hata ya maji ya bahari. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja, sikilidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Rangi zao hazina cha kuwaonea wivu samaki wa bahari: kuna wa manjano, wa buluu, wenye milia kama punda milia.

Na kuna wadogo. Lamprologus ocellatus dume ni sentimita sita hivi. Huyu nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Anachimba mchanga kwa mdomo na kulifukia gamba mpaka libaki tundu tu, kisha anasimama mlangoni akitisha kila anayepita, hata mkono wa mtu. Jike anataga ndani ya gamba lake, na vitoto vinatokea pale tunduni kimoja kimoja. Jozi moja yatosha kwa tangi la lita 50 lenye mchanga, magamba na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri umeme unapokatika. Wanazaana wenyewe tangini, kwa hiyo hakuna haja ya kurudi ziwani kila mwaka kuchukua wengine. Tahadhari ni mbili. Katika maji yenye pH kubwa sumu ya amonia huzidi, basi samaki wawe wachache. Na Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi itayashusha maji chini ya nyuzi 24 wanazozizoea. Lazima kipasha maji, na tangi lifungwe blanketi usiku.

Hapa ndipo naingia katika kazi yetu. Fungua kamusi yoyote ya lugha zetu za Kibantu kwenye neno la samaki. Mara nyingi utakuta: «aina ya samaki». Basi. Kwa ndege ni «aina ya ndege», kwa mti ni «aina ya mti». Anayeandika hivyo hajatoa maana, ameweka alama ya kuonyesha kwamba hakuwa na samaki mbele yake alipouliza. Sisi wanafunzi tunazirithi kamusi hizo, tunazinakili katika memwari zetu, na maprofesa wanatupa alama nzuri.

Matokeo yake ni haya. Samaki wale wadogo wana majina duniani kote, lakini ni ya Moore, ya Dubois, ya Brichard. Pierre Brichard, Mbelgiji, alisafirisha samaki hai kutoka ziwani, na mwaka 1974 Max Poll alimpa samaki mmoja jina lake. Sina ugomvi na Kilatini. Bila hicho tusingejua tunazungumzia samaki yupi. Ninachouliza ni safu ya pili ya jedwali iko wapi: Kibembe kinasemaje, Kitabwa, Kiholoholo, Kivira?

Kwa samaki wanaoliwa, tunajua, na tunachokijua kinafurahisha. Samaki ambaye Uvira na Bujumbura anaitwa mukeke, Kigoma anaitwa mgebuka. Miaka ya mwisho ya ukoloni ndagala wa Tanganyika alipandikizwa ziwa Kivu, akapata jina la sambaza. Baadaye akapelekwa Kariba, akawa kapenta. Samaki mmoja, safari mbili, majina matatu. Hiyo peke yake yatosha memwari. Lakini kwa samaki wa miambani, wasioingia chunguni, kimya. Labda wote wana jina moja la jumla. Labda watoto wanaovua kwa ndoano maweni wanayo majina ambayo baba zao wameyasahau. Vyovyote vile ni data, na hatujaenda kuiuliza.

Mtu atasema: chukua picha. Nimejaribu likizoni, Kalemie. Nilimwonyesha mjomba wangu picha kwenye simu, akaigeuza, akaitazama, akasema: «Mpwa wangu, nimwone kwanza akiogelea.» Ana haki. Simu inamfanya samaki wa sentimita sita na kuhe anayepita nusu mita wawe sawa. Samaki aliyekufa hupoteza rangi, na wa kwenye chupa ya alkoholi hupoteza zaidi. Mvuvi anamtambua kwa jinsi anavyosimama majini, anavyofukuza mwenzake, anavyokimbilia gambani. Vitenzi vya matendo hayo pia hatuna katika kamusi.

Kwa hiyo pendekezo langu si kila mwanafunzi awe na tangi chumbani. Chumba cha watu wanne chenye soketi moja hakifai, na mwanafunzi anayeondoka miezi miwili hawezi kumwachia mlinzi kopo la chakula na kusema asante. Samaki mzima huvumilia wiki moja au hata mbili bila kula. Hawezi miezi miwili. Ni ukatili, na wanaopinga ufugaji kwa sababu hiyo wana hoja nzito kuliko wanaolalamikia gharama.

Tangi liwe moja, kwenye korido ya Idara ya Lugha za Kiafrika, ambapo hupita wanafunzi kutoka Kalemie, Moba, Fizi na Uvira. Chini ya kioo kibandikwe karatasi: jina la Kilatini limeandikwa, safu za lugha zimeachwa wazi, kalamu imefungwa kwa kamba. Anayejua aandike, na aandike kijiji alikolisikia jina hilo. Pasiwe na ruhusa ya kumwaga samaki mtoni siku tangi litakapochosha watu. Sambaza alifaulu Kivu, lakini si kila mgeni anafaa kuachiwa maji ya wengine.

Zamu naweza kuipanga mimi mpaka Juni. Julai ninakwenda kwetu, na baridi ndiyo inakuwa kali. Natafuta wawili wanaoishi mjini ambao watapita idarani mara tatu kwa wiki, na mhadhiri mmoja atakayekubali kukaa na ufunguo.