Jitambue kwanza, dawa itafuata

Mzee mmoja aliyestaafu kazi jijini Nairobi na kurudi kwao Endarasha alinijia akilalamikia kichwa, mgongo na ukosefu wa usingizi. "Daktari," akaniambia, "nidunge sindano ya nguvu niende zangu." Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 180 kwa 110. Nikamuuliza kuhusu tembe alizoandikiwa mwaka uliotangulia. Alikuwa ameziacha zamani, kwa vile alijisikia nafuu.

Msomaji mpenzi, huenda mzee huyo ni baba yako, au ni wewe mwenyewe. Tumezoea kungoja afya iletwe na mtu mwingine: daktari, serikali au mwana aliye ng'ambo. Hata furaha twangoja kuletewa. Lakini hakuna sindano ya kumaliza shinikizo la damu. Daktari atakuona kwa dakika chache, kisha ni wewe utakayemeza tembe kila siku, utakayehakikisha chumvi haizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na utakayetembea nusu saa siku 5 kwa wiki. Ukiacha kwa sababu huumwi, maradhi haya hayapigi hodi. Huja kama kiharusi.

Sisi wa Nyeri hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta funzo la kujitegemea. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977. Wataalamu wa misitu walipodai kwamba upanzi wa miti wahitaji waliosomea, aliwahimiza akina mama watumie akili na ujuzi wao wa shambani. Wakaotesha miche hata katika vyungu vilivyovunjika. Malipo yao madogo yalitolewa kwa mche ulioendelea kuishi, wala si kwa kuupanda tu.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni semina zilizofuata baadaye. Wanakijiji waliulizwa shida zao na chanzo cha shida hizo. Aghalabu waliilaumu serikali. Maathai, ambaye mwenyewe aliandamwa na serikali ya wakati huo, hakuitetea. Lakini aliwataka pia watazame mashamba yao: mbona udongo wachukuliwa na mvua, ilhali mwenye shamba angeweza kupanda miti? Somo hilo liliitwa kwa Kikuyu "kwimenya", yaani kujitambua.

Nami humwomba mgonjwa ajiulize maswali matatu. Ni lipi katika ugonjwa huu lisilotokana nami? Ni lipi lililo mikononi mwangu? Na je, ni nani anayenihitaji? Mzee wangu alijibu mawili ya kwanza upesi. La tatu lilimnyamazisha. Mwishowe akasema, "Daktari, tangu nistaafu hakuna anayeningoja asubuhi." Na baridi ya Endarasha, kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, haimtoi mtu kitandani asipokuwa na sababu.

Alianza kitalu kidogo cha miche nyuma ya nyumba, na majirani wakawa wakija kuchukua. Miezi michache baadaye shinikizo lake lilikuwa limeshuka hadi 134 kwa 84. Sidai kwamba kitalu ndicho kilichomponya, kwani tembe zilifanya kazi yake. Kitalu kilimpa sababu ya kuzimeza.

Lakini tusikosee. Kujitegemea si kujitenga, na jifya moja haliinjiki chungu. Iwapo huzuni imekuandama kwa zaidi ya majuma mawili, hulali, huli, au wawaza kifo, usijikaze kiume. Huo ni ugonjwa na una matibabu, kwa hivyo mwambie mtu leo na uende hospitalini. Isitoshe, asiye na uwezo hawezi kujitengenezea dawa iliyokosekana katika zahanati. Hiyo ni haki yake, na kuidai pia ni kujitegemea.

Jioni hii, kabla ya kuzima taa, jiulize maswali hayo matatu. Kisha, ikiwa una tembe ulizoziacha kwenye kabati, usijichagulie kipimo mwenyewe. Zibebe, umwendee daktari wako kesho, umweleze ukweli.