Butura Iliyoingia Maofisini



Naomba nafasi katika kurasa za chama chetu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo twalisema sana barazani lakini hatuliandiki, nalo ni namna sisi watumishi wa zamani tunavyowapokea vijana wanaoletwa kujifunza kazi chini yetu. Kila ajira zinapotoka huja vijana hapa Kayanga, na wengine hupita wakaenda Rubwera, Nkwenda, Kaisho, na hata Murongo mpakani. Wengi wao hawajapata kuziona Karagwe wala Kyerwa tangu kuzaliwa. Mkuu wa idara humwita mmoja wetu akamwambia, “Huyu ni wako, mfundishe kazi.” Basi, hapana zaidi. Tangu saa hiyo yule mtumishi ni mlezi, na yule kijana ni mwanagenzi wake. Nami nitayatumia maneno haya mawili kwa kuwa ni ya Kiswahili safi na hayana haja ya kufasiriwa.

Malalamiko ya walezi nayajua. Ati vijana wa leo hawana adabu, ati hawaulizi, ati hujifanya wamejua yote kwa sababu ya chuo. Huenda mengine ni ya kweli. Lakini mimi nadhani kijana huacha kumwuliza mlezi wake kwa sababu iliyo kubwa kuliko hizo: amekwisha kujua kwamba kuuliza kuna gharama.

Sisi watu wa nchi ya kahawa hatuhitaji kufundishwa maana ya butura, ila nitaieleza kwa ajili ya wenzetu waliohamia juzi. Mkulima ana haja ya fedha kabla ya mavuno: ada ya mtoto, au msiba, au mgonjwa amelazwa Nyakahanga. Huja mtu mwenye fedha, mpole, asiye na haraka, akamkopesha, na malipo yake ni kahawa ya shamba fulani, ambayo wakati huo ingali maua mtini. Msimu ufikapo bei yaweza kupanda, lakini kahawa si ya aliyeipalilia tena. Serikali imeipiga marufuku biashara hii, tena si mara moja, wala haikomi, maana haja ya fedha haingojei mavuno. Na angalieni jambo hili: mnunuzi wa butura haji na fimbo. Huja na msaada. Mkulima humshukuru na kumwita rafiki mpaka siku ya kuchuma.

Basi naona butura imeingia maofisini, na bidhaa yake ni watu.

Kijana ameripoti akiwa na barua ya ajira na sanduku moja. Mshahara wake wa kwanza hauji mwezi huo. Mpaka taarifa zake zipelekwe, ziingizwe katika orodha ya mishahara, naye apate cheki namba yake, pengine miezi miwili mitatu imekwisha kupita. Posho ya kujikimu nayo yaweza kuchelewa. Ana kodi ya chumba, ana tumbo, ana wazazi nyumbani wanaodhani kwamba amekwisha kuwa tajiri. Hapo ndipo mlezi hutokea. Humpa shilingi 50,000, humtafutia chumba, humwalika kula ndizi nyumbani kwake Jumapili. Sisemi kwamba haya ni mabaya. Mwenye moyo wa mtu angefanyaje vingine? Ubaya waanza pale ambapo deni halitajwi kiasi chake wala siku ya kulipwa, kwa maana deni lisilo na kiasi haliwezi kulipwa hata kidogo.

Mwezi wa nne mlezi huleta karatasi. Ni orodha ya mahudhurio ya semina yenye majina ya watu ambao hawakuhudhuria. Au ni marejesho ya masurufu ya safari ambayo haikusafiriwa. Au ni leja ya ghala inayosema mifuko 40 ya saruji mahali palipopokewa 30. “Tia sahihi hapa, mwanangu, ni utaratibu tu.” Kijana hatii sahihi kwa sababu ni mwizi. Hutia kwa sababu amekula. Na siku mkaguzi ajapo, jina lililo kwenye karatasi si la mlezi.

Namjua kijana mmoja, wala sitataja ofisi yake, ambaye alipopata mshahara wa kwanza alimwendea mlezi wake mara tatu na fedha mkononi. Mara zote tatu mzee yule alicheka akasema, “Weka, sisi ni ndugu.” Mara ya nne ndipo karatasi ilipokuja. Kijana alikataa kuitia sahihi, na kabla wiki haijaisha masijala nzima ilikuwa imesikia kwamba yeye ni mtu asiye na shukrani, aliyelishwa akauma mkono. Taarifa yake ya majaribio ilikaa mezani, haikuandikwa kwa muda mrefu. Sasa amehama wilaya. Aliondoka akiwa anajua kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma: aliyemfundisha kazi na aliyetaka kumwuza ni mtu mmoja.

Kwa hiyo kanuni ambayo naiona kubwa kuliko zote ni hii, mlezi asimkopeshe mwanagenzi wake. Akitaka kumpa, na ampe kabisa, kitu kidogo ambacho hatakidai wala kukitaja tena mbele za watu. Asipoweza kutoa bila kudai, na ampeleke kwa mwingine asiye na amri juu yake. Najua wako watakaonicheka wakisema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo, humu maofisini, nimeisikia vinywani mwa watu wa namna mbili tu, wapokeao rushwa na wale wanaowapelekea.

Jambo la pili ni siri. Mwanagenzi akikosea hesabu, au akipoteza faili, humjia mlezi kwanza, au haji kabisa. Na tofauti ya mambo hayo mawili hutoka katika yaliyompata alipokuja mara ya kwanza. Kuna walezi ambao huyachukua maneno ya kijana moja kwa moja mpaka kwa mkubwa ili waonekane wao ndio macho ya ofisi. Wengine huyapeleka kwenye meza ya chai, yakageuka kichekesho. Kijana huyo hatarudi tena. Kosa lake la pili atalificha, nalo litakua kama kidonda kilichofunikwa.

Lakini siungi mkono wale wasemao kwamba mlezi mwema hufunika kila kitu. Hapana. Sisi tunashika mali ya umma, na Kanuni za Maadili zinatutaka uadilifu na uwajibikaji, wala hazisemi “isipokuwa kwa rafiki.” Linalofaa ni kusema mapema. Siku ya kwanza, kabla hajawa na neno la kuficha, mlezi na amwambie kijana wazi: “Usipojua jambo, au ukikosea, njoo kwangu, tutalisahihisha, wala sitalitembeza. Lakini ukichukua fedha ya Serikali, au ukighushi karatasi, usinifanye mimi kuwa sanduku la siri yako, kwa kuwa sitaweza kuitunza.” Mtu aliyeambiwa hivyo hawezi kusema baadaye kwamba alisalitiwa.

Tena kuna taarifa za utendaji. Mtumishi mpya hukaa miezi 12 katika majaribio, na neno la mlezi lina uzito katika kuthibitishwa kwake. Zamani tulijaza fomu za OPRAS, siku hizi mambo yamehamia katika mfumo wa PEPMIS, lakini kalamu na kompyuta ni mamoja ikiwa kijana hajui alichosemwa. Mlezi asiandike kwa wakubwa neno ambalo hajapata kumwambia kijana mwenyewe usoni. Nisemalo hapa ni gumu kuliko linavyosikika. Wengi wetu ni wapole mdomoni na wakali katika karatasi. Twamwambia mtu, “Unaendelea vema,” kisha twaandika kwamba hafai.

Na kwa kuwa nimeitaja kompyuta, nitoboe jambo lingine. Wazee wengine, kwa kuwa mashine inawasumbua, humpa mwanagenzi neno lao la siri ili awajazie. Hudhani wamemwonyesha imani. Wamempa mzigo. Likitokea kosa, ni nani aliyeandika? Aliye na haya ya kujifunza mbele ya kijana na aione haya zaidi ya kumweka kijana huyo katika hatari. Mimi sioni aibu yo yote mlezi kufundishwa na mwanagenzi wake habari za mashine saa nane, ikiwa saa nne yeye amemfundisha namna ya kufungua faili na kuandika barua ya Serikali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika magazeti hupitwa kwa heshima. Kuna wanagenzi wa kike, nao ni wengi kuliko zamani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imetaja waziwazi kosa la mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo wa kazi. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watu wa mbali. Binti aliyeletwa kijiji asichomjua mtu, ambaye kuthibitishwa kwake kumo mkononi mwa mwanamume mmoja, hana nguvu ya kusema ndiyo, kwa kuwa hana nguvu ya kusema hapana. Basi ridhaa yake isitajwe hapa kama udhuru. Mafunzo na yafanyike ofisini, saa za kazi, mlango ukiwa wazi. Si nyumbani, wala si kwa ujumbe wa simu saa nne za usiku. Lakini nawaonya pia wenzangu waoga, ambao kwa kuogopa maneno ya watu huwafundisha wavulana tu na kuwaacha wasichana wakipiga mihuri mwaka mzima. Huko nako ni kuwaibia.

Habari ya ukabila na dini nitaipita upesi kwa sababu kila mtu aijua. Neno moja tu: tuache kusema Kinyambo juu ya kichwa cha kijana aliyetoka Mtwara, kisha tukacheka. Hata kama tulikuwa tukisema habari za ng'ombe, yeye atadhani tumemsema, nami simlaumu.

Wengine watauliza mambo haya yahusu nini chama. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba, karani aliyesoma kwa wamisionari Kiungani, aliungana na wenzake wakaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1924, upande wetu huu wa Bukoba, ambako Karagwe ilihesabiwa wakati ule, watu kama Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki walianzisha umoja wao. Makarani wa siku zile walikuwa chini ya wakubwa wageni ambao kwao kazi ya mtu ilikuwa nyepesi. Naona faida moja ya vyama hivyo ilikuwa kwamba mtu aliweza kupata shauri kwa mwenzake ambaye hawezi kumfukuza. Mlezi wa ofisini hawezi kuwa mtu huyo hata akiwa mwema namna gani, kwa kuwa anashika taarifa yake. Chama chaweza.

Na huku kwetu haja ni kubwa. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na wilaya changa haina wazee wengi wa kazi. Utamkuta mtumishi wa miaka minne amekabidhiwa vijana watatu awalee, naye mwenyewe hajakomaa. Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twampa jembe siku ya kwanza, wala hatumwonyeshi mipaka ya shamba.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo ni la fedha, kwa maana butura haishindwi kwa hotuba. Kila mwanachama wa wilaya hizi mbili na atoe shilingi 2,000 kwa mwezi. Tukiwa watu 60, hizo ni 120,000 kwa mwezi, na 1,440,000 kwa mwaka. Mtumishi mpya aliyeripoti na kuonyesha barua yake ya ajira akopeshwe 100,000 bila riba, kiasi kikiandikwa, na siku za kulipa zikiandikwa, mafungu sita baada ya mshahara wa kwanza. Hapo tutaweza kuwasaidia vijana 14 kwa mwaka bila mmoja wao kujua ni fedha ya nani aliyokula. Watunza fedha wawe wawili, mmoja Kayanga na mmoja Rubwera, wala asichaguliwe mtu aliye mkuu wa idara au mlezi wa mkopaji. Majina ya waliokopa yasisomwe mkutanoni. Yasomwe mahesabu tu.

Nimekwisha kusikia jibu la wengine: vijana watahamishwa na fedha zetu. Wako watakaohama nazo, sikatai. Nimefanya hesabu, na hata wakipotea watatu katika 14, mfuko utabaki na zaidi ya milioni moja, na mwaka utakaofuata utajaa tena.

Namwomba Katibu alitie shauri hili katika orodha ya mambo ya mkutano ujao, kabla vijana wa ajira mpya hawajaripoti.

Mimi,
Karani, Kayanga