Mkubwa Hakula, Waliokula ni Rafiki Zake

Kila mara mkubwa wa siasa anapochunguzwa, watu wake wana neno lao tayari: "Yeye mwenyewe hakupokea hata senti. Ni rafiki zake tu." Wanalisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. Na wasikilizaji wengi wanaitikia, kwani wanadhani mwizi ni yule tu anayekutwa na feza mfukoni. Sisi tunalikataa neno hilo. Tunasema kwamba mkubwa anayekula kwa vinywa vya rafiki zake anakula vizuri kuliko yule anayepokea bahasha gizani, kwa sababu yeye anashiba na mikono yake inabaki safi.

Lakini tusipige maneno matupu. Tuchukue kesi moja ambayo mashahidi wake walihojiwa mchana kweupe na hukumu ikatolewa: kesi ya Michael Madigan wa jimbo la Illinois, katika Marekani, na ya rafiki zake pamoja naye.

Kila jimbo la Marekani lina Bunge lake na sheria zake. Madigan alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Illinois toka mwaka 1983 hata 2021, akikosa kiti hicho miaka 2 tu katikati, toka 1995 hata 1997. Jumla ni miaka 36. Hakuna mtu mwingine katika majimbo yote ya Marekani aliyeongoza baraza la namna hiyo kwa muda mrefu hivyo. Toka mwaka 1998 alikuwa vilevile mkubwa wa chama cha Demokrati katika jimbo lake. Magavana walikuja na kuondoka (wengine waliondoka kwenda gerezani), yeye alibaki. Muswada asioupenda ulilala katika kamati, wala haukuamka tena. Hakutumia simu ya mkononi, hakuandika barua za intaneti. Mtu wa namna hii haachi nyayo nyuma yake.

Nguvu yake ilianzia wapi? Katika kata ya 13, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Chicago. Huko watu wake walitembea nyumba kwa nyumba wakati wa uchaguzi, wakigonga milango na kuomba kura. Aliyegonga milango vizuri alitafutiwa kazi. Zamani kazi hizo zilitoka serikalini, na kila mtu Chicago alijua hivyo. Kiisha, toka miaka ya 1970 na 1980, tribinali zilianza kukataza mji kuajiri na kufukuza watu kwa sababu ya siasa. Basi tunaona kilichofuata: mlango wa serikali ulipofungwa, ukagongwa mlango wa kompani.

Kompani hiyo inaitwa Commonwealth Edison, watu wanaiita ComEd. Inapeleka umeme kwa wateja zaidi ya milioni 4 katika Illinois ya kaskazini. Kompani kama hiyo haiwezi kupanga bei yake ginsi inavyotaka. Inahitaji sheria, na sheria inapita mezani kwa Spika. Mwaka 2011 ilipata sheria iliyobadili namna ya kupanga bei ya umeme. Gavana aliikataa, Bunge likampita. Mwaka 2016 ilipata nyingine kubwa.

Katika miaka hiyohiyo, toka 2011 hata 2019, kompani ilikuwa inawalipa watu wa Madigan. Jambo hili si uvumi wa sokoni. Mwezi wa Julai 2020 ComEd yenyewe ilikiri katika mapatano na serikali, ikakubali kulipa faini ya dola milioni 200. Ilikiri kwamba ilitafutia kazi, mikataba na malipo watu waliotakiwa na Madigan, kusudi apendezwe. Wengine walikuwa wagongaji wa milango katika siasa yake, wengine madiwani wa zamani wa Chicago. Walipata feza kila mwezi, na kazi waliyoifanya ilikuwa kidogo sana, au hakuna hata kidogo. Jumla yao ilipita dola milioni 1.3. Na faida ambayo kompani ilitazamia kutoka kwa sheria zile? Zaidi ya dola milioni 150. Mfanya biashara yeyote anaona hesabu hiyo ni nzuri namna gani.

Sasa tutazame njia ambayo feza hizo zilipita, kwani hapo ndipo shauri lote lilipo. ComEd haikuwaandikia watu wale malipo moja kwa moja. Ilimlipa Jay Doherty, mtu aliyekuwa na kazi ya kuipa kompani mashauri na kuisemea kwa wakubwa wa mji. Mkataba wake uliongezwa feza, naye akazigawa kwa wale wengine. Katika vitabu vya kompani hawakuonekana. Kilichoonekana ni mashauri ya Doherty, basi. Aliyesimamia mambo haya kutoka upande wa Spika alikuwa Michael McClain, rafiki yake toka wakati walipoketi pamoja katika Bunge miaka ya 1970, aliyekuwa baadaye msemaji wa ComEd mbele ya wabunge. Katika barua zake na katika simu, McClain hakupenda kulitaja jina la Madigan. Aliandika na kusema "rafiki yetu." Tunauliza tu: nani kati yetu ana rafiki mwema asiyeweza kumtaja jina?

Watetezi wa Madigan walijibu, na jibu lao si la kitoto, basi tulipime. Walisema kwamba kumwombea mtu kazi si kosa. Mbunge anajulikana na watu wengi, mama anakuja kumwambia kwamba mtoto wake amemaliza shule na anakaa bure, mbunge anaandika barua. Kosa liko wapi? Madigan mwenyewe alipanda kizimbani mwezi wa Januari 2025, akaeleza kwamba alipenda kusaidia watu, kwamba hakuuza sheria hata moja, na kwamba alikasirika alipojua kwamba kuna waliolipwa pasipo kufanya kazi.

Ni kweli kwamba kumwombea mtu kazi si kosa. Sisi pia tumewaombea watu kazi, tutawaombea tena. Lakini anayeombewa kazi anapewa jembe. Asubuhi anaamka, jioni anarudi amechoka, na bwana kazi akimwona mvivu anamfukuza. Watu wa Madigan hawakuombewa kazi, waliombewa mshahara. Tena tutazame nani anaomba. Mama anapomwomba mwenye duka ampe mtoto wake kazi, mwenye duka anaweza kukataa na kulala usingizi wake. Je, kompani inayongoja sheria mezani kwa Spika inaweza kukataa na kulala? Ombi la mtu anayeshika kisu na nyama yako si ombi.

Na vile vitabu vya kompani! Kama malipo hayo yalikuwa wema tu, juu ya nini yalifichwa chini ya jina la mtu mwingine? Mtu hafichi sadaka yake kwa kuandika uongo katika hesabu. Watu 4 walishitakiwa mwezi wa Novemba 2020: McClain na Doherty, Anne Pramaggiore aliyekuwa mkubwa wa ComEd, na John Hooker, msemaji wake wa zamani mbele ya wabunge. Tarehe 2 Mei 2023 raia 12 waliokaa kuwahukumu waliwaona wana hatia katika mambo yote, hata katika jambo hilo la vitabu.

Wengine walilia kwamba serikali inawawinda rafiki kwa sababu imeshindwa kumkamata mwenyewe. Lakini ingeanzia wapi? Mtu asiyeandika kitu, asiyeshika simu, ambaye jina lake halitajwi na rafiki zake, utamfikiaje kama si kwa kupitia kwa rafiki hao? Ukifuata njia ya siafu utafika kwenye shimo lao. Wachunguzi walizisikiliza simu za McClain kwa kibali cha juji, na mwezi wa Mei 2019 wakaipekua nyumba yake. Walimhoji pia Tim Mapes, aliyekuwa mkuu wa biro ya Madigan kwa miaka mingi. Yeye hakuwa na hatari yoyote: aliahidiwa kwamba maneno yake hayatatumiwa juu yake, ikiwa atasema kweli. Hakusema kweli. Alijibu kwamba hakumbuki, tena hakumbuki, na kumbe sauti yake mwenyewe ilikuwa imenaswa katika simu. Mwezi wa Februari 2024 alihukumiwa miaka 2 na nusu gerezani kwa uongo huo. Watu wengine waliita jambo hilo uaminifu. Sisi tunaona huruma kwa mtu aliyepewa mlango wazi akachagua ukuta, lakini hatuwezi kuita uaminifu uongo uliosemwa baada ya kiapo.

Kuna jambo moja la wachunguzi ambalo halitupendezi, nasi tutalisema. Diwani Danny Solis, aliyekuwa amejichafua mwenyewe kwa mapendeleo ya kila namna, aliwasaidia toka mwaka 2016 kwa kuwarekodi wenzake kwa siri, na Madigan pia. Kwa kazi hiyo aliahidiwa kwamba shitaka lake litafutwa. Labda pasipo yeye kesi isingesimama. Lakini raia wa kata yake waliompa kura, nani aliwalipa deni lao?

Madigan alihukumiwa baadaye. Tarehe 12 Februari 2025 raia 12 wengine walimwona ana hatia katika mashitaka 10 kati ya 23. Katika 7 walimwona hana hatia, na juu ya 6 hawakupatana. Tunayataja yote, kwani anayetaja yale 10 tu anafanya kazi ya avoka, wala si ya mwandishi. Tarehe 13 Juni 2025 juji alimpa miaka 7 na nusu ya gereza na faini ya dola milioni 2.5. Aliingia gerezani mwezi wa Oktoba 2025, mzee wa miaka 83. Rafiki zake wanne walipata hukumu zao mwezi wa Julai na Agosti mwaka uleule: McClain na Pramaggiore miaka 2 kila mmoja, Hooker mwaka 1 na nusu, Doherty mwaka 1.

Lakini kabla ya hukumu hizo lilitokea jambo linalotuudhi kuliko yote. Mwezi wa Juni 2024 Tribinali Kuu ya Marekani iliamua kesi ya James Snyder, aliyekuwa meya wa mji mdogo wa Portage, katika jimbo la Indiana. Mji wake ulinunua malori ya taka kutoka kwa kompani moja, kiisha kompani ikampa dola 13,000. Majuji 6 juu ya 3 walisema kwamba sheria ya taifa iliyotumiwa juu yake inakataza rushwa inayopatanwa kabla ya tendo, lakini haikatazi zawadi ya asante inayokuja baadaye kwa mtumishi wa jimbo au wa mji. Majimbo na miji wajikatazie wenyewe, wakitaka. Kwa sababu ya uamuzi huo, mwezi wa Machi 2025 juji aliyekuwa na kesi ya wale wanne alifuta sehemu ya mashitaka ya rushwa. Yaliyobaki ni ya kupatana kutenda kosa na ya vitabu vya uongo.

Tunawaheshimu wajuzi wa sheria. Lakini tunawauliza: mkubwa anayejua kwamba asante itakuja, anahitaji kupatana juu ya nini? Kompani inayojua kwamba rafiki wa Spika wakilipwa Spika anapendezwa, inahitaji mkataba gani mwingine? Miaka 8 ya mishahara ya kila mwezi ilikuwa mapatano marefu kuliko yoyote yaliyowahi kuandikwa kwa wino. Mtu mwerevu haoni haja ya kusema "nipe nikupe." Anatazama tu, na anayetazamwa anaelewa. Sheria inayongoja kusikia maneno hayo yakitamkwa itawakamata wajinga peke yao.

Na waliolipa ni nani? Si ComEd. Kompani haina shamba la kuotesha dola. Feza zake zinatoka kwa mwenye chumba kimoja Chicago anayewasha taa jioni watoto wasome, kwa mjane anayepasha nyumba joto katika baridi ya Januari, kwa mwenye kinyozi. Watu hao hawakuwa na rafiki katika biro ya Spika. Mwaka 2022 tume ya jimbo inayosimamia kompani za umeme iliamuru warudishiwe dola milioni 38 hivi juu ya mambo haya. Zilipogawanywa katika bili, nyumba ya kawaida ilipunguziwa dola chache tu, mara moja, na mwezi uliofuata bili ilikuja kama kawaida.