Ndia Kuu Nayo Ina Mlio Wake

Huko Japani, abiria wa magari ya moshi wameingiwa na huzuni ya aina yake. Tangu mwaka 1989, vituo vikubwa vya Tokyo kama Shinjuku na Shibuya viliacha kupiga kengele kali, vikaweka muziki mfupi wa kuwatahadharisha watu kwamba gari linaondoka. Mtu aliyeusikia kila asubuhi kwa miaka mingi akauona kuwa ni wake. Lakini sasa njia kadhaa zinaendeshwa na dereva peke yake. Aliyekuwa akibonyeza kidude cha muziki pale kituoni ni kondakta. Kondakta akiondolewa, na muziki wa kituo hunyamaza.

Msomaji wa Mombasa huenda akauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, maana nasi tumekwisha kupoteza milio yetu.

Ndia Kuu ilikuwa na reli yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wazungu walipokuwa wakiiita njia hii kwa jina la Vasco da Gama, vigari vidogo vyenye paa vilipita hapa juu ya vyuma, vikisukumwa na watu kwa mikono. Motokaa zilipozidi, vigari vikaondoka na mngurumo wake. Kisha kisiwa kikazoea honi ya gari la moshi la jioni liendalo Nairobi. Nayo, mwaka 2017 ilipofunguliwa reli mpya, safari hiyo ikahamia kituo cha Miritini, nje ya kisiwa.

Hatusemi maendeleo yasije. Reli mpya ina kasi, na hakuna anayetamani kusukuma vigari tena. Tunalosema ni kwamba mlio hauishi peke yake. Huishi kwa kazi ya mtu fulani. Kazi ikikoma, nao hukoma.

Tazama muuza kahawa. Mkono mmoja ameshika dele, wa pili anagonganisha finjani. Mtu aliye ghorofani hana haja ya kuchungulia; ajua kahawa imefika barazani. Huko chini ndiko zinakopatikana habari za maziko na za harusi, na ndiko wazee wanakowapatanisha waliogombana. Mlio ule si tangazo la biashara tu. Ni mwito wa watu kukaa pamoja.

Tulilijua hilo Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa ajili ya korona. Adhana ilisikika, lakini jamaa haikukusanyika msikitini, wala watu hawakuketi barazani baada ya futari. Nyumba zote zilikuwa zimesimama palepale, milango na roshani zake kamili, na bado mji haukuwa mji.

Hapo pana somo kwa wanaoshughulikia uhifadhi. Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na ni heshima kubwa. Lakini kuta huhifadhiwa kwa chokaa. Baraza huhifadhiwa kwa watu. Anayepanga mipango ya Ndia Kuu na asimsahau muuza kahawa kwa kumwona kero ya njiani. Nasi wanywaji tusikimbilie vikombe vya kutupa kwa kuwa ni rahisi. Kikombe cha karatasi hakilii, na kisicholia hakimwiti mtu barazani.