Kadi ya sindano 13

KUTOKA KUSINI
Na Valeriana Namkuna

Msimu uliopita wa korosho, binti wa dada yangu, mwenye miaka 12, alishindwa kumaliza hata mstari mmoja wa mikorosho. Akiinama kuokota mara mbili tatu, anakaa chini kutafuta pumzi. Usiku alilala ameketi, kaegemea ukuta. Bibi yake akasema ni pumu. Jirani akasema ni mambo ya watu. Daktari aliyemwangalia moyo kwa mashine akasema valvu inavuja, kisha akamuuliza dada: mtoto huyu amekuwa akiugua mafindofindo?

Ameugua mara nyingi. Kila mara alisukutua maji ya chumvi, akanywa nusu dozi ya dawa ya dukani, akarudi shule. Hatukujua kwamba mwili unapopigana na vijidudu vya kooni unaweza kukosea na kuugeukia moyo wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Kila inaporudi, valvu inaongeza kovu, na mtoto aliyeonekana mzima anafika miaka 12 na moyo uliochoka.

Majirani zetu wa Uganda wamelifanyia kazi jambo hili. Watafiti walipima mioyo ya watoto zaidi ya 102,000, wakiwatafuta ambao ugonjwa umeanza kimyakimya, kabla mtoto hajalalamika. Watoto 818 wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, nusu hawakuchomwa. Matokeo yakachapishwa: kwa waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu, kwa wasiochomwa, 33. Dawa yenyewe ni ya zamani, ya bei ndogo. Nimezisoma hesabu hizo mara nyingi nikimfikiria mtoto wetu, kwa sababu aliishi miaka yote hiyo jirani na dawa hiyo na hakuna aliyemtafuta.

Hapa kijijini kwetu Lupaso, wilayani Masasi, tunajua habari ya moyo kusimama. Tarehe 29 Julai 2020 tulimzika hapa Mzee Benjamin Mkapa, na familia yake ilieleza kwamba moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 81, kazi yake ameifanya. Wengi wanamkumbuka kwa urais. Mimi namkumbuka zaidi kwa taasisi aliyoianzisha mwaka 2006, iliyopeleka wahudumu wa afya kwenye wilaya za pembezoni, kule ambako wengi hawataki kupangiwa. Sindano za penisilini kama zile za Uganda zinahitaji watu wa namna hiyo: muuguzi anayemjua mtoto kwa jina, anayekumbuka tarehe, anayemfuata nyumbani asipotokea. Sindano hiyo inauma, mtoto anachechemea siku nzima. Bila mtu wa kumbembeleza, mwezi wa tatu haji tena.

Najivunia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Tangu 2015 imewapasua moyo watoto ambao zamani wangesubiri safari ya India, na madaktari wake wanazunguka mikoani kwa tiba mkoba. Wakija kwetu, naomba wapite shuleni kabla ya hospitalini, na wawafundishe wauguzi wetu kutumia mashine ndogo za kupima moyo, zile zinazobebwa mkononi. Uganda walilijaribu hilo pia, na wauguzi waliweza.

Madiwani wa Masasi na Newala nao nawaambia waziwazi: ushuru wa korosho mnaukusanya kila msimu, na mnaujadili kwa barabara na madarasa. Tengeni fungu la penisilini lisiloguswa, ili zahanati ya kijiji isikose dawa hata mwezi mmoja. Sindano kila wiki nne ni 13 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Halmashauri inayohesabu korosho kwa tani haishindwi na hesabu hiyo.

Mtoto wetu sasa ana kadi. Ina visanduku 13, na tisa vimepigwa tiki. Mara mbili zahanati haikuwa na dawa, na dada alipanda bodaboda alfajiri kwenda kuitafuta mjini Masasi, mtoto kampakata katikati, kadi imefungwa kwenye pindo la kanga. Sindano ya kumi ni Alhamisi ijayo.