Sungura, Punda na Kabati la Vipodozi



Wakati wa likizo baadhi yetu tulipangiwa utume katika parokia za pembezoni mwa Dar es Salaam, wengine Mbagala na Chamazi, wengine Tegeta na Bunju. Vijana wa VIWAWA walituuliza swali ambalo hatukulitegemea: je, Mkristo aache vipodozi anavyovipenda kwa sababu kampuni inayovitengeneza inavijaribu kwanza kwa wanyama? Mama mmoja wa jumuiya alidakia, “Mafrateri wangu, watoto wa watu hawajala, ninyi mnahangaika na sungura?” Watu wakacheka. Sisi tunadhani vijana waliuliza vizuri, na mama naye hakukosea.

Na msomaji asidhani haya ni ya akina dada peke yao. Apite kwenye mabweni yetu Jumapili asubuhi kabla ya Misa, atanusa mwenyewe.

Tuanze na sungura. Mwaka 1944 mwanasayansi wa serikali ya Marekani, John Draize, alieleza namna ya kupima kama kitu kinadhuru macho. Sungura mweupe hutiwa dawa au kipodozi jichoni, kisha jicho huangaliwa kwa siku kadhaa: limekuwa jekundu, limevimba, limetoka vidonda? Kwa kawaida sungura huyo alifungiwa shingo asiweze kujikuna. Tuwe wa haki: jaribio hilo halikutokana na ukatili mtupu. Miaka ya 1930 rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure iliwapofusha wanawake huko Marekani, na sheria ya mwaka 1938 ikaja kuvibana vipodozi. Watu waliogopa, wakamtanguliza sungura.

Hofu hiyo leo ina njia nyingine. Kuna ngozi ya binadamu inayooteshwa maabara, na kuna viambato vingi ambavyo usalama wake unajulikana tangu zamani. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kabisa tarehe 11 Machi 2013: kipodozi kilichojaribiwa kwa mnyama kwa ajili ya urembo hakiuzwi huko. Sisi pia tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ingawa ukiwauliza watu mtaani wengi watakwambia hawajawahi kuisikia.

Katika darasa la maadili tunafundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba anayezoea kumtesa mnyama atazoea kumtesa mtu. Ni kweli, lakini kwetu haitoshi. Sungura anaumia yeye mwenyewe, leo, hata kama aliyemfunga atakuwa mpole kwa jirani zake maisha yake yote. Katekisimu inakwenda mbele zaidi. Namba 2416 inasema wanyama wanamtukuza Mungu kwa kuwapo kwao tu, na kwamba tunadaiwa kuwatendea kwa wema. Namba 2417 inaruhusu majaribio kwa wanyama yakiwa na mipaka ya busara na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu. Namba 2418 inakataa kuwatesa bila sababu ya lazima. Kwa hiyo hatuwezi kupinga majaribio yote kwa mkumbo. Chanjo ya malaria iliyofanyiwa utafiti Bagamoyo haikuanza kwa watoto wetu. Ilipita kwanza kwa wanyama, nasi tunashukuru. Rangi ya mdomo haimwokoi mtu na homa.

Tukio la karibu zaidi nasi ni la punda. Ngozi yake huchemshwa hadi itoe gundi inayoitwa ejiao, inayotumika China kwenye dawa za asili na hata kwenye vipodozi. Biashara hiyo ilifika kwetu ikafungua machinjio Dodoma na Shinyanga. Punda ndiye anayembebea mama maji na kuni. Akiibwa usiku, asubuhi ndoo inarudi kichwani kwa mama, au binti anabaki nyumbani badala ya kwenda shule. Desemba 2022 mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika hapa Dar es Salaam, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Yule mama wa jumuiya angelielewa hili bila kuhubiriwa. Mateso ya mnyama na njaa ya mtoto vilipita mlango mmoja.

Sasa turudi dukani. Huku Tandika na Manzese tunaogopa jambo jingine zaidi: mkorogo. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 TBS ndiyo inayosimamia vipodozi, lakini krimu za kujichubua bado zinachanganywa na kuuzwa kwa kificho. Hapo hakuna sungura aliyefungwa shingo. Anayejaribiwa ni dada yetu, kwa ngozi yake na kwa pesa yake. Kijana akiacha losheni ya kampuni kubwa kwa huruma ya wanyama kisha akaangukia kopo lisilo na jina, hajamsaidia sungura wala dada.

Alama ya sungura anayeruka husaidia, ila haimalizi maswali. Kampuni ndogo yenye sifa nzuri huweza kununuliwa na kubwa: The Body Shop, iliyoanzishwa na Anita Roddick mwaka 1976 na kujijengea jina kwa kupinga majaribio hayo, ilinunuliwa na L'Oréal mwaka 2006, na wateja wake wengi wakaona wamesalitiwa. Tena bidhaa zenye alama hiyo huzikuti kirahisi gengeni Mbagala. Mama anayenunua mafuta ya kupima ya shilingi mia tano hatuwezi kumbebesha dhambi ya maabara asiyoijua. Mwenye mshahara na simu ya kutafutia majibu anadaiwa zaidi.

Maoni yetu ni kwamba tuanze na vile visivyohitaji jaribio jipya. Mafuta ya nazi yapo. Liwa ipo, na bibi zetu wa pwani walipendeza nayo. Sabuni ya mwani inatengenezwa na akina mama Zanzibar. WAWATA wa parokia kadhaa wanajua kutengeneza sabuni, na wanaiuza nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, meza moja na rozari na kalenda. Kwaresima ijayo tunapendekeza kila mmoja wetu, kuanzia sisi mafrateri, aachane na kipodozi kimoja anachokipenda ambacho hajui kilipitia wapi, na fedha hiyo aipeleke kwenye meza ile. Paroko mmoja ameshatuuliza kama manukato ya sakristia nayo yamo. Tumemjibu yamo.